Mtupo wa Kuanzia

Mkuza, Kibaha
6 Julai 2024

Mke mwenzangu mpendwa, Bibi Mwanne,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi sijambo. Mume wetu anaendeleaje na lile bega? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasikia nusu, nusu nyingine unajaza mwenyewe, na mara ya mwisho uliwatangazia majirani kwamba nimechumbiwa.

Nina jambo. Mhandisi wa kigeni tuliyekuwa naye ofisini amemaliza mkataba, akaniachia ufito wake wa kuvulia. Ndoana yake imevishwa manyoya ionekane mdudu, haina uzito hata kidogo. Kinachotupwa ni mshipi wenyewe, mnene kama utambi wa jiko. Kwa hiyo ufundi wote uko kwenye kutupa, na mitupo ni mingi. Nimeichuja ikabaki miwili. Kuna wa juu: unarusha mshipi nyuma yako mpaka unyooke, ndipo unaupeleka mbele. Unapendeza, na kwenye video wote wanaanza na huo. Halafu kuna wa kubingirisha: mshipi unalala majini mbele yako, unauvuta taratibu, unausukuma, nao unajiviringisha kwenda. Adventina wa ofisini ana bwawa la perege kule Ruvu, ameniruhusu kujifunzia hapo.

Nani wa kumuuliza kama si Babu? Nianze na upi?

Mjukuu na mke mwenzako,
Kudra

Kisarawe
13 Julai 2024

Mke mdogo Kudra,

Marahaba. Sisi wazima, mihogo imekubali. Bega la mume wetu ni lilelile, mkono haupandi kupita kidevu. Lakini bega silo linaloninyima raha. Tangu Idi anakaa barazani kutwa nzima, nikimsemesha ananijibu kwa kidole. Juzi ameniambia nikikate kimia chake cha kuvulia samaki nizungushie bustani ya mchicha, kuku wasiingie. Kudra, kimia kile alikisuka mwaka niliomzaa baba yako, na ndicho alichokuwa akikitupa mto Ruvu miaka yote. Nimekificha chini ya magunia, nikamwambia mkasi ni butu. Sasa kila asubuhi anauliza kama mkasi umenolewa. Naogopa siku tutakayokikata, naye atakuwa amekwisha.

Nimemsomea barua yako. Tulipomaliza kula aliuliza, "Nyuma yake kuna nini?" Hajasema maneno mengi hivyo kwa mkupuo tangu Idi. Basi jibu. Na usimalize maswali yote kwa barua moja.

Mke mkubwa,
Bibi yako Mwanne

Mkuza, Kibaha
20 Julai 2024

Bibi yangu,

Shikamoo, na hongera kwa ule mkasi. Mimi mzima, ila nina mikwaruzo.

Nyuma yangu kuna ua wa michongoma. Sikungoja jibu, nilianza na mtupo wa juu kwa sababu ya uzuri wake. Mara tatu ndoana ilinasa kwenye michongoma, mara ya nne kwenye mtandio wangu. Mwambie swali lake nimelielewa. Nimehamia ule wa kubingirisha, usiohitaji nafasi nyuma. Huu kiwiko unakibana ubavuni, na mkono hauna haja ya kupita kidevu. Hapo soma tena, lakini usimsomee yeye.

Taabu yangu ni moja, mshipi hauendi mbali, unaangukia miguuni kama tambi. Muulize mwalimu: mwisho wa mtupo mkono unafanya nini?

Mjukuu wako,
Kudra

Kisarawe
27 Julai 2024

Mke mdogo,

Marahaba. Wazima wote. Nimesoma mara mbili pale ulipotaka, nikanyamaza kama ulivyotaka.

Mwalimu anasema hivi: zungusha kiuno, tupa, kisha achia vyote, usiwe mchoyo. Aliinuka kunionyesha, kwa mkono wa kushoto, akitumia kitambaa cha meza. Kilitanuka duara kabisa. Chai ilimwagika yote na sikujali. Mkasi hajauulizia siku ya nne leo.

Bibi yako

Mkuza, Kibaha
3 Agosti 2024

Bibi,

Shikamoo. Mimi mzima, nina mafua, na sababu yake ndiyo hii.

Nilifanya kama alivyosema. Nilizungusha kiuno, nikaachia vyote. Ufito ukaenda. Uliruka vizuri sana, ukazama katikati ya bwawa, tukaingia mimi na Adventina majini hadi kifuani tukiutafuta kwa vidole vya miguu. Kimia unakiachia, unabaki na kamba yake mkononi. Ufito hauachiwi, nami sikufikiri.

Nilicheka mpaka nikanywa maji. Nyumbani kicheko kikaniisha. Akijua, atasema hafai hata kufundisha, na mkasi utanolewa. Tafuta namna ya kumwambia, au usimwambie kabisa.

Kudra wako

Mkuza, Kibaha
10 Agosti 2024

Bibi, shikamoo.

Ulimwambia nini? Jana nimemkuta Babu hapa Kibaha, kituo cha Kwa Mathias, kwenye benchi la duka la Recho, amevaa kofia ya Idi, anauliza njia ya bwawani. Aliniambia kuvua hakufundishwi kwa barua.

Nilimpa ufito. Aliushika kwa mkono wa kulia, ule wa bega bovu, kiwiko ubavuni. Mara ya tatu mshipi ulibingirika mpaka mwisho, ukalala juu ya maji umenyooka. Akautazama mkono wake muda mrefu, akasema, "Kumbe bado upo." Akalia, Bibi, nami nikalia. Kisha tukapata perege mmoja, kitoweo cha paka.

Anaomba wiki moja ya kukaa kwangu. Nimempa.

Kudra

Kisarawe
24 Agosti 2024

Mke mdogo mnyang'anyi,

Marahaba. Mimi mzima, ila naongea na kuku.

Nilimsomea barua yako neno kwa neno. Nilikuwa nimechoka kumlinda kama yai. Alicheka mpaka akashika bega, akasema kosa ni lake, akadai kofia.

Ile wiki imekuwa mbili. Leo Latifu wa bodaboda ameniletea ujumbe wa mume wetu kwamba nitume kimia, anataka kukufundisha. Nimekitoa chini ya magunia, nimekikung'uta. Mchicha kuku wameumaliza wote, sikuwafukuza.

Lakini sikitumi. Nakuja nacho mwenyewe Jumamosi. Miaka arobaini na saba nimeparua magamba ya samaki wa mume wetu, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nami nataka kutupa. Mwambie hivi, kisha umtazame usoni akikujibu: mke mkubwa anauliza, yeye aanze na mtupo upi?

Mwanafunzi mpya,
Bibi yako Mwanne