Pointi za Pijo ya Baba

S.L.P. 71,
Magwagwa,
Nyamira.
Jumapili, 16 Novemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Obwocha,

Pokea salamu za nyumbani, ambako mvua haijatupa nafasi ya kuanika hata shuka moja. Unaendeleaje? Mgongo uliokusumbua wakati wa baridi umepata nafuu? Na wanao, bado wanakucheka kwa Kiingereza chetu cha Kisii? Mimi nipo. Goti la kulia limekataa kupona, kwa hiyo Sabato nyingi nabaki nyumbani wenzangu wakienda kanisani. Chai inachumwa vizuri. Ndizi za nyuma ya jiko ziliangushwa na upepo, lakini njaa hatuna.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini nikisikia sauti yako nitaanza kuuliza habari za theluji, kama tufanyavyo kila mara, na haya yatabaki tumboni. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kifurushi chako kilifika salama. Nilikifungua na Emily, yule binti wa marehemu binamu yetu anayekaa nami, tukakuta kidude cheusi chenye nyaya mbili pamoja na karatasi yako. Uliandika kwamba ni kifaa cha elektroniki cha kutoa cheche, kwamba fundi akiweke ndani ya distribyuta ya injini ya Pijo, gari la Baba, mahali pa pointi, na kwamba pointi zitupwe chooni, zisiwekwe hata kwenye kopo la misumari. Neno "chooni" ulilipigia mstari mara mbili. Hukueleza sababu, wala sikuhitaji kuelezwa.

Nilimwita Okemwa, fundi wa Nyakoe aliyelitengeneza gari la Baba tangu tukiwa watoto. Sasa ana miaka sabini na miwili, na mikono yake inatetemeka mpaka ashike spana, akishaishika inatulia. Alikuja Jumatatu asubuhi, akafungua boneti, akaketi kwenye kigoda. Nilimuuliza lipi bora, pointi au hicho cha elektroniki.

Alinieleza kwa subira, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi. Pointi ni vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili plagi zipate cheche. Vinaliwa kidogo kidogo na mwanya kati yao unabadilika, kwa hiyo lazima mtu avisugue na kuupima tena. Lakini vikikusumbua njiani, kipande cha msasa na bisibisi vinatosha kukufikisha nyumbani. Kile cha elektroniki hakiliwi wala hakihitaji kupimwa. Siku kikiungua, hakuna cha kusugua. Unakaa kando ya barabara usubiri kuvutwa.

Nikamwambia kwamba wewe umeshachagua, tena unataka pointi zitupwe chooni. Kisha, sijui kwa nini, nikamweleza jambo ambalo hakuna niliyewahi kumwambia.

Obwocha, tangu Baba atutoke, mimi husikia starta ya Pijo ikijaribu kuliwasha gari. Si usiku. Ni siku ya Sabato, mnamo saa nne asubuhi, boma likiwa tupu na kuku wametulia. Inazunguka, inazunguka, inachoka, inanyamaza. Kisha inaanza tena, kwa ile sauti ya betri inayokaribia kufa. Nilidhani ni masikio ya uzee. Lakini Sabato moja ya Agosti Emily alibaki nami kwa sababu ya homa, naye akaisikia. Alichukua jembe akidhani ni mwizi, akatoka. Aliporudi alisema hajaona mtu. Banda la gari lilikuwa na kufuli lake, na betri ya gari ilikuwa humu sebuleni chini ya meza, nilikoiweka tangu Julai.

Okemwa hakucheka. Aliniuliza kama bado hujarudi nyumbani. Nikamjibu kwamba hujarudi tangu uondoke mwaka 1999, hata kumzika Baba hukuja. Akaifuta spana yake kwa kitambaa. Ndipo akasema, "Mwalimu, ile gari haikukataa kuwaka kwa sababu ya Obwocha."

Unaijua siku aliyoisema, lakini acha niiandike, maana sisi wawili hatujawahi kuitaja. Ijumaa ile ya mwaka 1996 Baba alikuagiza upime pointi kabla jua halijatua. Ulipima, ukaenda kuoga. Kesho yake asubuhi Mama akaanguka jikoni. Baba alizungusha starta mpaka betri ikafa. Tukambeba Mama juu ya kitanda hadi barabara kuu, akakata roho kabla hatujapata gari. Ulikuwa na miaka ishirini, na kila mtu alijua ni nani aliyeshika distribyuta mwisho.

Kumbe hatukujua. Okemwa anasema wiki moja baada ya mazishi Baba alimwita alikague gari. Akakuta skrubu inayoshikilia pointi imelegea, na pointi zimegusana kabisa, hazina mwanya hata wa karatasi. Akasema kijana hakukaza. Baba alikuwa amesimama pale mlangoni mwa banda. Akamjibu, "Yeye alikaza. Mimi ndiye niliyefungua tena."

Ulipokuwa bafuni, Obwocha, Baba alienda kuhakikisha kazi yako. Alilegeza skrubu akapima upya. Jua likawa linazama, akasikia majirani wameanza wimbo wa kufungua Sabato, saa ambayo kazi hukoma, akafunika haraka bila kukaza na bila kuliwasha gari kulijaribu. Alimsihi Okemwa asiseme kwa mtu, kwamba yeye mwenyewe angekuambia matanga yakiisha.

"Alikuja kwangu kila Ijumaa, hata kama gari haijatoka wiki nzima," Okemwa aliniambia. "Nafungua, naangalia, nakaza. Kila Ijumaa ananiambia, wiki hii nitamwambia. Obwocha alipoondoka ikawa, wiki hii nitamwandikia."

Miaka ishirini na mitatu, hadi kifo chake, na labda starta ninayoisikia ni yeye bado anajaribu. Nilimkasirikia Okemwa, nikamwacha pale na boneti yake wazi, nikaingia ndani. Nilimkasirikia Baba pia, nikageuza picha yake ukutani. Kisha nikabaki na mimi mwenyewe. Kwa sababu siku tulipomzika Mama ulikuja ukasimama kando yangu kaburini, ukitaka kunishika mkono, nami nikakuambia, "Hata skrubu moja imekushinda." Baba alikuwa hatua tatu kutoka kwetu. Alisikia. Niliona alivyoinamisha kichwa, nikadhani analia kwa ajili ya Mama.

Wala siwezi kusingizia kwamba nilikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka thelathini, mwalimu mzima.

Alhamisi Okemwa alirudi, nami nikampa chai kabla hatujasema lolote. Tukaamua. Amekiweka kifaa chako. Gari liliwaka mara moja, na tulizunguka nalo hadi Nyamira mjini na kurudi, yeye akiendesha, mimi kando yake. Vijana wa gereji za siku hizi hawajui kupima pointi, na katika duka la vipuri la Vasant pale Kisii, tulikozinunua miaka yote, sasa mwanawe Tejas anauza vifuniko vya simu. Okemwa akiondoka hakuna atakayezishughulikia. Zile za zamani sikuzitupa chooni. Amezichukua ampelekee mtu wa Nyansiongo mwenye gari kama letu. Pointi zimetoka kwa sababu mikono ya Okemwa imechoka, ndugu yangu, si kwa sababu ya mkono wako.

Sikuagizi urudi. Hiyo ni hiari yako, na miaka niliyokuibia siwezi kukurudishia. Lakini nisamehe kama unaweza, na kama huwezi bado, niandikie kwamba umesoma.

Okemwa anakusalimu na anasema yuko tayari kuyarudia haya kwa mdomo wake mwenyewe. Emily anakusalimu pia. Nisalimie wifi yangu Nyanchoka na uwakumbatie watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mungu akupe usingizi mzuri huko uliko, na akuinulie kichwa mbele za watu.

Dada yako aliyekukosea, na ambaye hajaacha kukupenda,

Mokeira