Gari la Kumrudisha Baba

Ilagala,
20 Aprili 2008

Kwa mdogo wangu mpendwa Aurore,

Amahoro. Nakusalimu wewe, shemeji na watoto, nikitumaini baridi ya huko Kanada imeanza kuwaachia. Sisi tupo, tunasukuma siku. Baba anakohoa asubuhi lakini chakula anakula. Mvua zimeujaza mto Malagarasi hadi wavuvi wanafunga mitumbwi yao karibu na uwanja wetu. Mke wangu Wema anakusalimu sana, anasema kitenge ulichotuma kilimpendeza.

Nakuandikia nimechoka, kwa hiyo usiushangae mwandiko. Uliniagiza nimtafutie baba gari kubwa, la heshima, ili mwaka huu watu wanaporudi Burundi naye arudi, aingie kijijini kwetu kilimani amekaa kiti cha mbele, na hao jamaa wa Bonaventura waliokalia itongo letu, shamba la ukoo, wajue kuwa wenyewe wamefika. Agizo hilo nimelishughulikia. Naomba usome hadi mwisho kabla hujanipigia simu.

Gari nililipata Kigoma mjini, pale Mwanga, kwa muuza magari anayeitwa Hamdani. Ni Landkruza VX nyeupe, iliyokuwa ya mkubwa mmoja wa shirika la wakimbizi aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Unajua nimeendesha malori tangu ujana, lakini kitu kama hiki nilikuwa sijawahi kukikalia. Viti ni vya ngozi, usukani unaugeuza kwa kidole, na injini ikiwaka hujui mpaka utazame mshale wa dashibodi. Hamdani alinikubalia kulijaribu nitakako, mradi mafuta niweke mwenyewe na yeye awemo ndani. Nikamwambia nitarudi na mwenye gari, yaani baba.

Siku ya kulijaribu baba alivaa koti lake la kanisani. Gari lilikuwa juu mno kwa miguu yake, ikabidi Hamdani alete stuli ya dukani apandie. Tulipoondoka akauliza ni mlango gani umeachwa wazi, maana alihisi upepo wa baridi magotini. Nikazima kiyoyozi, nikashusha kioo.

Nilishika njia ya Mwandiga, kupandisha Kalinzi, kwa kuwa ndiyo njia ya kwenda mpakani Manyovu, na nilitaka nione atakavyoistahimili siku ya kurudi. Kwenye mlima mmoja lori lilikuwa limezama kwenye tope hadi ekseli. Niliingiza magurudumu yote manne, tukapita pembeni yake kama tuko kwenye lami. Hamdani, aliyekuwa kiti cha nyuma, alifurahi kuliko mimi. Akamwambia baba kwamba humu mtu amekaa sebuleni kwake, milima ndiyo inayomfuata. Baba alikuwa anatazama watu. Kila tulipopita wanawake waliobeba ndizi walishuka mtaroni kutupisha, na baba aliinua mkono kila mara, kama anayeomba radhi.

Tulipopita Kalinzi, pale barabara inapotokea juu na milima ya Burundi ikaonekana, akaniambia nisimame. Akawa anaangalia ng'ambo. Nilidhani ni furaha, au uzee tu. Kisha akasema, “Térence, geuza.”

Nilimwambia gari halina tatizo lolote, nimelisikiliza njia nzima.

“Gari ni zuri,” akasema. “Lakini anayekuja na gari hili haji kusalimia. Anakuja kuchukua.”

Nilimjibu kwa uchovu, mdogo wangu, sikumjibu kwa upole. Nilisema shamba ni lake, na wewe umeshaweka wakili. Kumbe habari za wakili hakuwa nazo. Hamdani ni mtu wa adabu. Alifungua mlango, akaenda kusimama kwenye mibuni ya watu hadi tulipomaliza.

Sasa nakuandikia aliyonieleza, kama alivyonieleza.

Tulipokimbia mauaji Burundi mwaka wa sabini na mbili ulikuwa kitoto kichanga. Mama alikuwa na homa ya uzazi na maziwa yamekatika. Ulilia mfululizo, na watu tuliojificha nao kwenye mianzi walimwambia baba kwamba kilio chako kitatuua sote. Baba alikurudisha kilimani kwa jirani, Bonaventura, ambaye mkewe Astérie alikuwa ananyonyesha. Astérie alikupokea, akakuweka ziwa moja na mtoto wake ziwa la pili, na askari waliokuja kusaka akawaambia amezaa mapacha. Njia ilipotulia, Bonaventura alikubeba akavuka mpaka nawe, akafika Kalinzi, akatutafuta kambi moja baada ya nyingine za wakimbizi hadi akatupata. Siku hiyo baba alimwambia itongo ni lake na la watoto wake. Hakuna aliyemlazimisha.

Mimi nilikuwa mdogo mno kukumbuka; nilimuuliza kwa nini hatukuambiwa. Alisema marehemu mama alimwapisha. Hakutaka ukue ukijua kuwa uliwahi kuachwa. Na zile hadithi alizokuwa akitusimulia yeye mwenyewe usiku, za kurudi nyumbani, alisema, zilikuwa za kumpa mtu usingizi.

Niligeuza gari. Njiani baba alilala, kichwa kwenye kioo. Nilipomrudishia Hamdani funguo nilimwambia hatutanunua, nikangoja maneno makali. Akasema tu, “Basi, leo tumetembea,” akamsaidia mzee kushuka.

Bonaventura alishafariki. Shamba liko kwa Astérie, naye haoni vizuri siku hizi. Barua ya wakili wako imeandikwa jina lake. Baba amekuwa akipata habari zake kwa wachuuzi wa kahawa wanaovuka, na mwaka jana mmoja alifika na swali kutoka kwake, akimtaja baba kwa jina: yule mtoto wa Ntakarutimana, alikua?

Baba anataka kwenda kumjibu mwenyewe, kwa basi la Manyovu, na mfuko wa dagaa. Nitampeleka. Lakini hatuwezi kubisha hodi pale wakati kesi ingali mahakamani. Mwambie wakili wako aiondoe, kisha unijulishe, maana baba ananiuliza kila anapoamka na mimi sina la kumwambia.

Wasalimie shemeji na watoto, uwabusu kwa niaba ya babu yao. Kanisani wanakuulizia. Mungu akulinde kazini kwako.

Ni mimi kaka yako,
Térence