Kelele za Bomba la Lori

Sadoki,

Nimekwenda sokoni Tengeru. Ndizi ziko jikoni, nimezifunika. Ndama apewe maji.

Kabla hujalipeleka lori kwa fundi Bharat, ligonge bomba la moshi likiwa baridi. Likilia kama debe, ni ule waya unaolishikilia umelegea, ule ambao marehemu baba yako alirudi nao kutoka vita vya Bama, alikopigana na Wajapani. Yeye aliukaza kwa koleo tu. ~~Ukaze leo.~~

Hapana, usiuguse. Uliporudi alfajiri nilisikia kelele zile tangu darajani, nikakimbia kumbandikia baba yako maji ya kuoga, kama zamani. Yalipochemka ndipo nikakumbuka ni wewe. Nikakukuta umeshalala na viatu.

Maji yako mekoni. Yaoge wewe.

Mama