Jamali anataka maduka, hataki watu wangu

Mpendwa mshauri, amahoro. Naomba unisaidie kwa sababu nimesema uongo na sijui nitautoa vipi. Mimi ni mjane wa Rumonge. Marehemu mume wangu, Asmani, alianza na duka moja la chakula hapa mjini akafungua la pili Gitaza na la tatu Kizuka, na miaka yote hiyo alishindana na mfanyabiashara mmoja wa Bujumbura anayeitwa Jamali, mpaka watu wakajua kwamba Asmani akishusha bei ya mchele leo, kesho Jamali naye atashusha. Sasa Asmani hayupo, na vita hivi vimenichosha. Kamioni yangu ya pili ilichomwa moto njiani mwezi uliopita, dereva akapona kwa kujitupa ziwani, na Jamali, ambaye mizigo yake huja kwa boti, amekuja kutaka kununua maduka yote matatu. Nilimpa neno langu. Ijumaa tunatia sahihi.

Ila Jamali amesema, "Nachukua nyumba na bidhaa, mama. Wafanyakazi ninao."

Mshauri, duka la Kizuka analiendesha Rachelle, aliyetoka Kivu ya Kusini akiwa msichana. Watu wenye silaha walipoingia Kizuka mwaka juzi mimi nilikimbia, yeye akabaki, akahamishia chumvi, sabuni na maziwa ya unga nyumbani kwake kidogo kidogo, na hali ilipotulia akavirudisha vyote. Jumapili alikuja kwangu akaniuliza, "Mama, iko maneno watu wanasema sokoni, eti unauza. Ni kweli?" Nikamjibu ni uongo. Akanishukuru, "Murakoze, mama," akaenda zake. Tangu siku hiyo sipati usingizi. Je, nimekosa kumuuzia mshindani wa mume wangu, au nimekosa wapi?

Mariyamu, Rumonge

*

Mama Mariyamu, pole kwa kamioni, na pole zaidi kwa upweke wa kuamua peke yako. Kumuuzia Jamali si kosa. Ushindani ulikuwa kati yake na Asmani, na wewe huna deni la kuuendeleza huku barabara inawaka moto. Usijifiche nyuma ya jina la marehemu, maana hilo silo linalokunyima usingizi.

Umemdanganya mtu aliyekulindia mali yako wewe ukiwa umekimbia. Tena alikuuliza kwa heshima, ana kwa ana. Unangoja nini? Asome kibao kipya mlangoni?

Nenda Kizuka kabla ya Ijumaa. Usimtume mtu, usiandike barua. Kisha mwambie Jamali kwamba wafanyakazi wabaki angalau mwaka mmoja, na hilo liandikwe ndani ya mkataba, mbele ya mashahidi. Akikataa kwa duka fulani, usimuuzie duka hilo. Yeye ni mfanyabiashara, anajua kwamba mteja hamfuati mwenye ukuta, anamfuata anayempimia vizuri. Na wewe umeuza vitu maisha yako yote, mama. Usiniambie hujui kusema hapana.

*

Mpendwa mshauri, Jamali alikubali iandikwe mkatabani kwamba wafanyakazi wa Rumonge na Gitaza watabaki. Wa Kizuka alikataa, kwa hiyo Kizuka sikumuuzia. Tutaliendesha mimi na Rachelle, mali nusu kwa nusu, tukipata mizigo kwa boti kama wengine.

Lakini nataka ujue ilivyokuwa Alhamisi. Nilimkuta anapima maharage. Nilingoja mteja atoke, nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama. Hakulia, hakunigombeza. Alisema, "Mama, watu watatu walishaniambia. Mmoja tuligombana sana, nikamwita mwongo, kwa sababu wewe ulisema si kweli."

Nilimwomba msamaha. Akafunika gunia, akachukua funguo.

"Twende Rumonge sasa hivi," akasema. "Wenzangu wa kule nao wasisikie sokoni."