Kiti Kimetangulia Kawangware

Jumanne, 12 Machi 1996

Sitamsomea tena mke wangu masimulizi ya kale ya mabaharia wa Norway. Jana ilikuwa hadithi ya chifu aliyehamia Iceland: alitupa baharini nguzo za kiti chake, akaapa kujenga pale zitakapotua.

"Huyo alihama," akacheka. "Wewe bado unapima vyumba kwa futi."

Kweli. Mwenye nyumba anataka chumba chetu cha Kambi Muru mwisho wa mwezi, nami sijaamua. Naogopa kuwaacha wateja wangu wa viatu.

Leo jioni sikukuta kiti changu.

"Nimekituma na mkokoteni kwa dada yangu Kawangware," akasema. "Kimeshatua, Baba Wekesa. Jirani na kwake kuna chumba kitupu."

Naandika nimekalia debe. Kesho nitaenda kukiona hicho chumba. Futi nitaibeba, lakini ndani ya soksi.