Wanyang'anye Watoto Simu Leo

Mtopanga, Kisauni

Dada Kadzo,

Hamjambo hapo nyumbani? Magoti yako je? Mwanangu Sidi anakula? Mimi niko hai. Mwandiko usiucheke, naandika na mkono wa kushoto. Wa kulia vidole viwili vimevunjika. Simu sina tena, ndiyo maana barua.

Dada, siku hizi hapa godauni tunapobeba magunia hakuna mchezo. Zamani saa ya chakula tulicheza drafti, tukatukanana, tukacheka. Jioni kibanda cha video, wote TV moja, makelele. Sasa kila mtu ameinamia simu yake kama anakojoa. Hata mimi. Mimi naangalia ile video ya marehemu mke wangu akicheza harusi ya Dama wako. Kila siku hiyo tu.

Wenzangu wakasema, "Charo, utaoza na hiyo moja. Peleka memori kadi kwa yule kijana wa kibanda cha kuuza nyimbo akujazie sinema." Nikapeleka. Hapo nilikosea. Kuirudisha kwa simu, sinema tele, mke hayuko.

Nikarudi kibandani kwake. "Video yangu iko wapi?"

"Kadi ilijaa takataka, mzee. Nimesafisha ndio sinema zitoshe."

"Kulikuwa na mwanamke anacheza."

Akacheka. "Yule mnene? Ntakupa wazuri kumshinda."

Nilimpiga na hiyo simu mdomoni. Jino likatoka. Nikampiga tena mpaka simu ikapasuka mkononi. Akapiga ukelele, "Mwizi!" Basi. Watu wakatoka kila kichochoro. Mbao, mawe, viatu. Mmoja alinikanyaga vidole, nikasikia vinavunjika. Wengine hawakupiga, walishika simu juu. Mmoja akasema, "Hebu mgeuzeni uso, sioni vizuri." Wakanigeuza.

Wallahi wangeniua. Mama Halima anayeuza mahamri akaja na karai, akamwaga mafuta ya moto miguuni pao. "Huyu ni Charo wa magunia! Mwizi gani anakunywa chai kwangu kila asubuhi?" Wakaruka, wakaniacha.

Sasa nimo kwenye simu zao. Juzi nilienda godauni kuomba kazi nyepesi, nikawakuta wenzangu wananiangalia kwenye simu. "Charo, hapa pa kiatu ni patamu! Rudisha, rudisha!" Nikacheka nao. Ningefanyaje?

Dada, ile video ya mke wangu nilikutumia na wewe. Iko kwenye simu yako, ile watoto wanachezea gemu. Wanyang'anye leo. Wasiongeze kitu, wasifute kitu. Usiipeleke kwa fundi yeyote. Izime, ifunge kwenye leso, iweke. Ntakuja mwenyewe mkono ukipona. Sidi aliachwa ananyonya, hajui mamake alivyokuwa akicheka.

Msalimie mumeo, shemeji yangu. Msalimie Dama. Na baba mkwe wangu, lakini ya vidole usimwambie. Ile video yangu ya kupigwa ikifika huko, Sidi asiione.

Na kama ya mamake mlishaifuta, usinijibu hivyo. Sema tu simu ilipotea.

Ndugu yako,
Charo