Mkanda wa Gauni la Kwaya

Arusha, Jumapili baada ya ibada

Mdogo wangu Atupele,

Ugonile, umeamkaje? Najua huko mvua imeshika, maana kila nikimpigia kaka Ambwene nasikia bati la nyumba yake kuliko ninavyomsikia yeye. Mpunga umesimamaje? Magoti ya mama yanasemaje? Mimi ni mzima, kikohozi cha baridi ya huku kimeniachia, na kibanda changu cha mitumba kinanilisha. Ningependa kuendelea hivi hivi hadi chini ya karatasi, nikiulizia kuku na majirani, lakini sikununua bahasha kwa ajili hiyo.

Nimeandika kwa kalamu makusudi. Ujumbe wa sauti ungeusikilizia saluni, wateja wako wakiwa wameinamisha vichwa, na kabla ya jioni Ipinda nzima ingejua. Hii isome peke yako. Kifurushi kilichokuja nayo usikifungue mpaka umalize kusoma. Kama umeshakifungua, na nakujua umeshakifungua, basi umeshakasirika, na ni haki yako. Soma hata hivyo.

Nina wivu na wewe, Atupele. Nimejaribu kuupa majina mengine, nikauita uchovu, nikauita hali ya hewa, lakini ni wivu mtupu, na ulianza siku mama aliponipigia kunieleza habari za jubilei ya kwaya. Alisema kwaya ya akina mama inatimiza miaka hamsini, na waimbaji wa kwanza wanatakiwa kusimama tena mstari wa mbele na nguo zao za wakati ule. Ambaye hawezi kusimama, binti yake atavaa gauni lake na kuimba mahali pake. Nikakaa vizuri kwenye kiti. Nilidhani najua sentensi inayofuata.

“Miguu yangu haimalizi nyimbo tatu,” mama akasema. “Atupele atavaa gauni, atasimama pale pangu.”

“Na mimi, mama?”

“Wewe uko mbali, mwanangu. Atupele yupo.”

Halafu akaniuliza kama huku nako kunanyesha, kana kwamba amenipa habari za dagaa wa usipa kupanda bei.

Yupo! Hivyo tu. Nilitaka kumwuliza nani alijua thamani ya lile gauni kabla dunia haijalijua. Wakati wewe unalia upelekwe mjini ukanunuliwe suruali ya kubana, mimi nilikuwa navaa bugaluu la marehemu baba, suruali pana chini kama kengele, na watoto wananifuata njiani wakinizomea. Nani alikufundisha kusuka nyuzi? Ilikuwa Krismasi, tumekaa barazani kwa mama, kichwa chako katikati ya magoti yangu, unapiga kelele utadhani nakuchinja. Leo unasuka nyuzi mpaka watu wanatoka Kyela mjini kuja Ipinda wapigwe picha na wewe, na saluni umeiandika “Mitindo ya Bibi.” Mimi huku nimefuga afro, navaa raizoni, viatu vya soli nene, juu ya matope ya soko, wauza viazi wananiita Mama Bugaluu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba picha.

Sasa sikiliza yaliyonipata wiki mbili baada ya simu ya mama. Tumefungua belo la magauni, nachambua, akaja dada mmoja kijana, mtu wa ofisini kwa jinsi alivyovaa. Akanyoosha simu. “Mama, nataka gauni kama hili. Nimelitafuta soko zima.”

Nikaangalia. Ni wewe. Umesimama Matema mbele ya vyungu vilivyopangwa kusubiri wanunuzi, nywele za nyuzi zimesimama juu kama taji, na mwilini lile gauni la mama la haradali lenye maua makubwa na kola pana. Umelipiga pasi likalala. Ulikuwa mzuri, Atupele. Nasema hivi kwa shida.

“Unamjua huyu?” dada akauliza. “Mbona kama mnafanana? Tofauti yenu yeye anacheka.”

“Simjui,” nikasema.

Ilitoka yenyewe, sikuitafuta. Akasogeza picha karibu. “Ila hapa kiunoni kafunga kipande cha kitenge, kinaliharibu. Gauni kama hili lazima lilikuwa na mkanda wake.”

Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikampunguzia bei ya sketi ambayo hakuwa ameiomba. Kwa sababu mkanda wa gauni lile ulikuwa nyumbani kwangu, kwenye kopo la vifungo, na umekuwa nami tangu nilipoondoka nyumbani.

Ndiyo. Ni mimi.

Unakumbuka mama alivyokuwa analitunza lile gauni, ndani ya chungu kikubwa kilichobaki bila kuuzwa kwa sababu ya ufa mdogo mdomoni, majani makavu ya tumbaku juu na chini ili wadudu wasikaribie, kifuniko kimezibwa kwa udongo. Asubuhi ya safari yangu mama alikuwa mtoni anachota udongo wa kufinyanga. Nilikizibua kifuniko nikitaka kuchukua gauni lote. Nikaliinua, roho ikanisuta, nikalirudisha. Mkanda ukanishinda kuuacha. Ule wenye duara kubwa la kahawia mbele, uliofunikwa kitambaa kile kile cha maua. Nikaukunja ndani ya kiatu changu, nikaziba chungu upya kwa udongo mbichi, na kwa haraka yangu nikaacha alama za vidole. Mwanamke anayefinyanga asingeacha kuziona. Mama aliziona siku ile ile. Na kwa kuwa mtoto mwenye mazoea ya kuchezea vitu vyake ulikuwa wewe, akakuita wewe.

Kaka Ambwene alinisimulia miaka baadaye akicheka, akidhani ni hadithi ya utotoni. Kwamba ulichapwa. Kwamba ulikataa, ukaambiwa umeuangusha ziwani wakati wa kuoga, ukapelekwa ukautafute, ukapiga mbizi siku mbili ukitafuta mkanda ambao wakati huo ulikuwa umekunjwa ndani ya kopo la vifungo chumbani kwangu Arusha. Kwamba mama hakukugusisha chungu chake chochote mpaka mpunga ulipovunwa. Nilicheka pamoja na kaka. Nilipokata simu sikuweza kula. Lakini kusema sikusema, na miaka ikapita, na kila mwaka uliopita ukafanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Ngoja, sijafika mwisho wa ubaya wangu. Baada ya yule dada wa picha kuondoka, nilianza kufungua mabelo kwa hasira. Nilikuwa natafuta gauni linalofanana na la mama. Nililipata wiki ya tatu, haradali ile ile au karibu yake, maua madogo kidogo. Nikampelekea fundi wa jirani alitengeneze kola, abane mikono. Mpango wangu ulikuwa huu: nije kwenye jubilei bila kumwambia mtu. Niingie kanisani mmeshapanga mistari, afro imechanwa, raizoni miguuni, na kiunoni mkanda wenyewe, wa kweli. Watu wageuke. Mama aone nani alistahili. Wewe ubaki pale mbele na kitenge chako. Nilishaona hadi sura yako itakavyokuwa.

Jana gauni lilirudi kutoka kwa fundi. Nikavaa mbele ya kioo, nikachukua mkanda, nikaufunga. Haukufika. Nikavuta pumzi ndani, nikajaribu tundu la kwanza, la pili, la tatu. Nikashindwa la nne. Unajua mwenyewe biashara ya kukaa inavyonenepesha. Nikaugeuza nione kama nitatoboa tundu jingine, ndipo nikaona tayari lipo. La tano, mbali na wenzake. Hilo halikutobolewa na fundi. Limepinda, limetobolewa kwa msumari wa moto, na pembeni yake kuna alama nyekundu ya ule udongo mama anaopaka vyungu kabla ya kuvichoma. Miaka yote niliyokaa na mkanda sijawahi kuiona, maana sikuwahi kuuvaa. Niliuiba nikauficha, basi.

Nikafunga kwenye lile tundu. Ukanikaa sawasawa.

Hapo nikaikumbuka picha ya kwaya iliyokuwa ukutani kwa mama, ile iliyoliwa na unyevu upande mmoja. Wote wamebana viuno isipokuwa mama, ambaye mkanda wake umepandishwa karibu na kifua, chini yake tumbo kubwa. Alikuwa akiniinua niione. “Huyo hapo ndani ni wewe, Subilaga. Uliimba na mimi mpaka siku ya mwisho. Wenzangu walinifukuza, nikakataa kutoka mstarini.” Alikuwa ametoboa tundu lile kwa ajili yangu.

Nililia kidogo, sitakuficha, halafu nikacheka, maana nimetumia tundu la mjamzito na mimba sina. Na nikaona aibu. Nilikuwa nagombania nawe mahali ambapo nilishasimama kabla hujazaliwa, na gharama ya kupigania umeilipa wewe, kwa fimbo na kwa maji ya ziwa.

Kwa hiyo mkanda huo hapo. Ni wako kwa siku ya jubilei na baada yake. Nimeufuta kwa kitambaa chenye maji kidogo tu, usiufue, utaharibika. Kitenge chako kirudishe sandukuni. Leo mchana nilimtafuta yule dada wa ofisini kwa namba aliyoniachia, nikampa gauni nililolitengeneza kwa ajili ya vita, likamkaa vizuri kuliko mimi. Nikamwambia, “Yule wa kwenye picha ni mdogo wangu. Tumbo moja.” Akasema alijua. Akasema nilipokukana ndipo nilipozidi kufanana na wewe.

Mama usimfiche. Ukimaliza kusoma, kaa naye umsomee sehemu ya chungu na ya ziwa, polepole, maana anasikia kwa sikio moja. Mwambie ni Subilaga aliyeuchukua, na kwamba Atupele alisema kweli tangu siku ya kwanza. Akitaka kunipigia na kunisema, asisubiri. Nitapokea. Nakuja jubilei, nimeshaongea na mtu wa kunishikia kibanda. Nitakaa benchi la mbele upande wa mama, na nitavaa sketi na blauzi ya kawaida kama mtu mzima. Sauti ya pili ishike vizuri, huwa unateleza kwenye kibwagizo. Bado nina wivu. Sijasema umeisha.

Nisalimie kaka Ambwene na shemeji, wala wasimwambie mtu kwamba nimenenepa. Nisalimie mama mdogo anayefinyanga na mama. Mwambie chungu alichonipa bado kinapika maharage, na jirani zangu wanakitamani. Nisalimie mzee mwalimu wa kwaya, kama bado anapiga kidole mezani mtu akikosea. Watoto wako wabusu, mkubwa mwambie raizoni zangu zitamtosha miguu ikikua. Na mama mpe mkono wangu, umshike magoti yote mawili kwa niaba yangu. Ndaga fijo kwa kusoma mpaka hapa.

Mimi dada yako mwenye kijicho,
Subilaga

Nimesahau. Matundu ya mkanda ni matano. Manne ya kwanza chagua unalotaka, mwili wako unaruhusu. La tano usiliguse, hata ukishiba pilau ya jubilei. Lile ni langu.